Kudhibiti Wi-Fi ya nyumbani kwa ajili ya watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila nyumba inapofungwa faiba au kuletewa ruta ya 5G na watoto wakapewa nenosiri. Tumeanza na yale ya msingi, tukapitia ya watoto wanaokwepa, na kumalizia na ya faragha na watu wengine wa nyumbani. Pale jibu moja linapotegemea jingine, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia maelezo.

## Misingi

1. Kifaa cha udhibiti wa wazazi ni kitu gani hasa?

Ni chochote kinachokaa kwenye njia kati ya vifaa vya nyumbani na intaneti, kikaamua nani apite, saa ngapi, na aende wapi. Kuna visanduku vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, kama Circle, mchemraba mdogo mweupe uliotoka Marekani mwaka 2015 kwa ushirikiano na Disney. Kuna ruta zenye menyu ya kazi hiyo ndani yake. Kuna huduma zisizo na kifaa kabisa, yaani namba mbili tu unazoziandika kwenye ruta (swali la 7). Na wapo wanaojitengenezea wenyewe kwa kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi yenye programu ya Pi-hole.

Ukiondoa maneno ya matangazo, mambo yanayofanywa ni matatu, ingawa si kila kimoja hufanya yote: kuvitambua vifaa, kukata na kurudisha intaneti kwa saa, na kuzuia tovuti kwa majina yake. La saa huliweza vizuri sana. La majina huliweza kwa kiasi. La kutambua vifaa hutegemea mtoto wako ni mjanja kiasi gani.

2. Ni lazima ninunue kifaa kipya?

Mara nyingi hapana, na tunashauri usinunue kabla hujafungua ruta uliyonayo. Kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta nyingi za Huawei za laini ya simu hutumia 192.168.8.1, na za faiba 192.168.100.1. Anwani sahihi huwa kwenye kibandiko chini ya ruta, pamoja na jina na nenosiri la kuingilia. Ukishaingia, tafuta menyu iliyoandikwa "Parental Control", "Access Control" au "MAC Filter". Ruta hata za bei ya chini huwa na angalau moja kati ya hizo.

Kununua kuna maana ikiwa ruta imefungwa na kampuni (swali la 12), au kama unataka kusimamisha intaneti ya mtoto mmoja kwa kubonyeza simu yako ukiwa kazini. Hapo unalipia urahisi, kwa kuwa kazi yenyewe ingefanyika bila kifaa hicho.

3. Kinafanya kazi mtoto akitumia bando lake?

Hapana. Simu ikitoka kwenye Wi-Fi na kutumia data ya laini, pakiti zake (vipande vya data) zinapita mnara wa simu na hazifiki nyumbani kwako kabisa. Kifaa hakioni kitu, na ripoti yake ya siku hiyo itaonyesha mtoto mtulivu kupita kiasi.

Kwa simu yenye laini unahitaji udhibiti ulio ndani ya simu yenyewe: Family Link ya Google kwa Android, au Screen Time kwa iPhone na iPad. Ipo pia njia ya DNS (swali la 7) inayotembea na simu, tumeieleza kwenye swali la 17.

4. Na TV, PlayStation, dekoda ya Android?

Hapa ndipo kifaa cha mtandao kinapostahili pesa yake. TV haina bando wala laini. Ukiikatia Wi-Fi saa mbili usiku imekatika, na mtoto hana pa kukimbilia. Vifaa hivi pia haviko chini ya Family Link kama simu ilivyo, na kwenye TV ya sebuleni akaunti ya YouTube huwa ni ya baba, kwa hiyo mapendekezo yote ni ya baba.

Kama una mtoto wa miaka sita anayetazama TV na huna mtoto mwenye simu, udhibiti wa mtandao peke yake unakutosha kwa miaka kadhaa.

5. Kinajuaje kwamba hii ni simu ya mtoto na ile ni ya mama?

Kila kifaa chenye Wi-Fi hujitambulisha kwa anwani ya MAC, herufi na tarakimu 12 zinazoandikwa kwa jozi sita. Ruta hukuonyesha orodha ya anwani hizo, wakati mwingine pamoja na jina la kifaa, wewe ukazigawa: hizi za mtoto, hizi za wakubwa, hii ya TV.

Kazi hii ifanye siku moja, kwa kuwasha kifaa kimoja kimoja huku ukitazama orodha. Ukiiacha nusu utabaki na "kifaa kisichojulikana" nne, na moja kati ya hizo ndiyo ya mtoto. Simu za kisasa hujipa anwani bandia, na hilo lina swali lake (la 15).

## Ndani yake kunatokea nini

6. Kisanduku kiko kwenye rafu tu, waya haupiti ndani yake. Kinazuiaje?

Visanduku vya aina ya Circle hutumia ujanja wa zamani unaoitwa ARP spufingi. ARP ni utaratibu wa mwaka 1982 ambao vifaa vya mtandao mmoja hutumia kuulizana: "Nani mwenye anwani 192.168.1.1?" Ruta hujibu kwa kutoa MAC yake, na simu huikumbuka kwa muda. Tatizo ni kwamba ARP haina njia ya kuhakikisha aliyejibu ni nani. Yeyote anaweza kujibu, na simu itamwamini.

Basi kisanduku hutuma majibu hayo mfululizo kwa simu ya mtoto: lango (yaani ruta) ni mimi. Ruta nayo huambiwa kwamba simu ya mtoto ni mimi. Ni sawa na mtu anayesimama mlangoni mwa daladala akapokea nauli kabla ya konda, kisha akampelekea konda zile anazotaka yeye. Abiria wanaona safari ya kawaida.

Faida ni kwamba hubadilishi chochote kwenye ruta. Hasara ni tatu. Kwanza, wahalifu nao hutumia ujanja huohuo, kwa hiyo ruta zenye ulinzi dhidi ya ARP ya uongo hukikataa kisanduku, na programu za usalama kwenye kompyuta hupiga kelele. Pili, ruta ikiwa imewekwa kutenganisha vifaa visionane, kisanduku hakiwezi kuzungumza na simu ya mtoto. Tatu, kikichomolewa kwenye umeme, baada ya muda mfupi simu zinakumbuka lango halisi na kila kitu kinafunguka. Mtoto wa darasa la tano hugundua la tatu mapema kuliko mzazi.

Ruta yenye udhibiti ndani yake haina udhaifu huo. Ukiichomoa, hakuna intaneti kwa yeyote.

7. Kuchuja kwa DNS ni nini?

Kabla simu haijafungua tovuti yoyote, huuliza seva ya DNS: jina hili lina anwani gani ya IP? Seva ya kawaida hujibu kila swali. Seva ya familia hukataa kujibu majina yaliyo kwenye orodha yake, na tovuti haifunguki kwa sababu simu haijui pa kwenda.

Seva hizi zipo bure. Zinazotumika sana ni Cloudflare (1.1.1.3 na 1.0.0.3), OpenDNS FamilyShield (208.67.222.123 na 208.67.220.123) na CleanBrowsing ya familia (185.228.168.168 na 185.228.169.168). Hiyo ya mwisho hulazimisha pia utafutaji salama wa Google. Kwa watoto wadogo tunaipenda kuliko nyingine. Kwa kijana wa sekondari mwenye kazi za shule itamkera, kwa sababu huzuia pia tovuti zenye mchanganyiko wa mema na mabaya.

Ukomo wake uuelewe mapema: DNS huona jina la tovuti nzima tu, ukurasa wala video haioni. Haijui mtoto alikaa humo dakika mbili au saa tatu.

8. Kinaweza kusoma ujumbe wa WhatsApp wa mtoto?

Hapana. WhatsApp husimba ujumbe kutoka simu hadi simu tangu 2016, na tovuti karibu zote sasa hutumia HTTPS, yaani nazo husimba mawasiliano yake. Kifaa kilichoko katikati huona kwamba simu inazungumza na seva za WhatsApp, kwa muda gani na kwa kiasi gani cha data. Maneno, picha na majina ya anaochati nao hakuna.

Muuzaji akikuambia kisanduku chake cha Wi-Fi kinasoma meseji, ama hajui anachouza au anataka usakinishe programu ya upelelezi kwenye simu yenyewe. Hicho ni kitu kingine kabisa, na hakihusu ukurasa huu.

9. Kinajuaje kwamba tovuti fulani ni ya ngono au ya kamari?

Hakijui. Kina orodha, iliyopangwa kwa makundi na watu na mashine mahali pengine, mara nyingi kwa kutazama tovuti za Kiingereza. Kwa hiyo tovuti kubwa za ngono za dunia huzuiwa vizuri, lakini blogu ya udaku wa Kiswahili yenye picha za aibu hupita bila kuguswa. Kamari ina shida nyingine: DNS nyingi za familia huzuia ngono na programu hasidi tu, kamari haimo. Kama kubeti ndiyo hofu yako, chagua huduma ambayo kundi la kamari lipo na uliwashe, au ongeza majina ya kampuni za kubeti mwenyewe kwenye orodha ya kuzuia ya ruta. Hayo unayajua, yako kwenye matangazo ya kila mechi.

Magrupu ya Telegram na WhatsApp hayachujwi na yeyote kati ya hawa. Ama unaruhusu programu nzima, au unaizuia nzima.

10. Nataka kuzuia video mbaya za YouTube bila kuifunga YouTube. Inawezekana?

Kwa kiasi. Google imeweka majina maalumu, restrict.youtube.com kwa ukali na restrictmoderate.youtube.com kwa upole. DNS yako ikielekeza youtube.com kwenye mojawapo, YouTube hujiweka yenyewe katika hali yenye mipaka, na maoni chini ya video hutoweka. CleanBrowsing ya familia hufanya hivyo bila wewe kugusa chochote.

Kumbuka hali hiyo itawahusu wote wanaotumia DNS hiyo, akiwemo baba anayetaka kusoma maoni baada ya mechi. Na haichagui vizuri Kiswahili: kichekesho safi kinaweza kufichwa na upuuzi ukabaki. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, YouTube Kids ni jibu bora kuliko ruta yoyote.

## Kufunga na kupanga

11. Nianzie wapi bila kutumia hela?

Ingia kwenye ruta (swali la 2) na ubadilishe kwanza nenosiri la msimamizi, kwa sababu lile la kwenye kibandiko mtoto analiona kila anapofagia. Kisha nenda kwenye mipangilio ya DHCP au LAN (sehemu ruta inapogawia vifaa vya nyumbani anwani), uandike DNS mbili za familia kutoka swali la 7. Zote mbili ziwe za huduma ileile. Ukiweka moja ya familia na nyingine ya kawaida, simu zitapita kwenye ile ya kawaida zikitaka. Zima Wi-Fi ya simu na uwashe tena ili ichukue mipangilio mipya.

Mwisho weka ratiba ya usiku kwa vifaa vya watoto. Hiyo tu, kwa nyumba nyingi, ni nusu ya kazi au zaidi.

12. Ruta ya kampuni hainiruhusu kubadili DNS. Nifanyeje?

Jambo la kawaida, hasa kwenye ruta za faiba ambazo kampuni huzisimamia kwa mbali. Wapigie, uombe wakubadilishie au wakupe nenosiri kamili. Wengine hukubali bila shida.

Wakikataa, nunua ruta yako ndogo, uchomeke waya kutoka LAN ya ruta yao (tundu la vifaa vya nyumbani) kwenda WAN ya yako (tundu la kuingizia intaneti), kisha uzime Wi-Fi ya ruta yao. Ukisahau hilo la mwisho, watoto watarudi kwenye Wi-Fi ya zamani ambayo nenosiri lake wanalijua. Kuwa na ruta mbili mfululizo huweza kuleta usumbufu kwenye gemu za mtandaoni; kwa video na kazi za shule hutaona tofauti.

13. Nimeweka izime saa tatu usiku, inazima saa nyingine kabisa. Kwa nini?

Swali hili hujirudia kuliko yote, na chanzo huwa kimoja kati ya vinne.

Cha kwanza ni saa yetu. Ruta huhesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo saa tatu usiku ni 21:00 na saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00. Ukiandika 03:00, itazima saa tisa usiku mtoto akiwa amelala zamani. Kwenye menyu ya AM na PM, saa tatu usiku ni 9 PM.

Cha pili ni ukanda wa saa. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye UTC au saa za China. Afrika Mashariki ni UTC+3. Ruta iliyobaki UTC, ukiiambia 21:00, itazima saa sita usiku. Ikiwa tofauti unayoiona ni saa tatu kamili, usitafute zaidi.

Cha tatu ni umeme. Ruta nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, huanza upya na tarehe ya miaka iliyopita mpaka zipate saa sahihi kutoka intaneti. Kama intaneti imechelewa kurudi, ratiba nayo imepotea. Hakikisha NTP, yaani huduma ya kuchukua saa kutoka intaneti, imewashwa.

Cha nne ni usiku wa manane wenyewe. Baadhi ya ruta hazielewi kanuni inayoanza 21:00 na kuisha 06:00 ya kesho yake. Igawe iwe mbili: 21:00 hadi 23:59, na 00:00 hadi 06:00.

14. Tangu nifunge kisanduku, intaneti imekuwa nzito.

Kisanduku kinachotumia ARP hupitisha data yote ya vifaa kinavyovisimamia kupitia Wi-Fi yake ndogo, kila pakiti mara mbili. Kwa laini ya Mbps 10 hutasikia, kwa Mbps 100 utasikia. Kama kina tundu la waya, kiunganishe na ruta kwa waya. Pia kiondolee vifaa vya watu wazima; hakuna sababu laptop yako ya kazi ipite humo.

DNS ya familia haipunguzi kasi ya kupakua. Ikiwa hukununua kisanduku na bado ni nzito, tatizo liko kwa mtoa huduma au kwa jirani uliyempa nenosiri.

## Watoto wanavyokwepa

15. Simu ya mtoto imetoweka kwenye orodha, na kuna kifaa kipya nisichokijua.

Ni yeye. Android 10 (2019) na iOS 14 (2020) zilileta anwani ya MAC ya bandia, kwa sababu nzuri ya kuzuia maduka na viwanja vya ndege kufuatilia watu. Kwa kawaida anwani hiyo hubaki ileile kwenye Wi-Fi ya nyumbani, ila mtoto anaweza kuizima au kuibadilisha, na mbele ya ruta akawa mgeni asiye na kanuni yoyote.

Anwani bandia hujulikana kwa herufi au tarakimu ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, hiyo ni ya kubuni. Kwenye simu ya mtoto, fungua mipangilio ya Wi-Fi yako na uchague itumie MAC ya kifaa.

Dawa ya kudumu ni kugeuza utaratibu: kifaa chochote kisichojulikana kizuiwe mpaka wewe ukiruhusu. Ruta nyingi huweza. Utasumbuka kila anapokuja mgeni, lakini kwa hilo kuna Wi-Fi ya wageni (swali la 20).

16. Ameweka VPN. Kuna la kufanya?

VPN hufungasha kila kitu ndani ya bomba moja lililosimbwa. Kifaa chako huona bomba, hakioni kilichomo, na kuchuja majina kunaisha hapo. Ila kuzima kwa saa bado kunafanya kazi, maana VPN nayo inahitaji intaneti ili ipite. Ndiyo maana tunasema tegemea saa kuliko orodha.

Unaweza kuzuia majina ya VPN zinazojulikana, kwa DNS au kwa kundi la VPN kwenye kifaa chako. Utazipata maarufu, mpya zitakupita. Njia yenye nguvu ni kuzuia usakinishaji: kwenye Family Link, kila programu mpya isubiri idhini yako. Na mtoto aelezwe kwamba mwenye VPN ya bure anakaa mahali pa mtoa huduma na huona yale ambayo mtoa huduma angeyaona. Kwa walioko Tanzania kuna la ziada: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watumiaji wa VPN kuzisajili.

17. DNS nimebadilisha lakini simu yake bado inafungua kila kitu.

Huenda simu au kivinjari kinatumia DNS yake. Tangu Android 9 kuna sehemu ya Private DNS ambapo mtu huandika seva anayotaka, na maswali huenda yakiwa yamesimbwa kupitia mlango (port) 853. Vivinjari navyo vina DNS juu ya HTTPS, inayopita mlango 443 pamoja na tovuti za kawaida, hivyo kuizuia ni kazi.

Kwenye ruta inayokubali, zuia mlango 853 kwenda nje, na mlango 53 kwenda popote isipokuwa DNS uliyoichagua. Firefox ina adabu zaidi: mtandao ukikataa kujibu jina use-application-dns.net, huacha kuwasha DNS yake yenyewe, isipokuwa mtumiaji ameiwasha kwa mkono.

Lakini sehemu hiyohiyo ya Private DNS unaweza kuitumia wewe. Andika humo family.cloudflare-dns.com kwenye simu ya mtoto, na uchujaji utamfuata hata akiwa kwenye bando au Wi-Fi ya shangazi. Ukishafanya hivyo usifunge mlango 853 nyumbani, la sivyo simu hiyo haitapata intaneti.

18. Anabonyeza kitufe cha kurudisha ruta upya.

Ruta ikirudi hali ya kiwandani, kanuni zote zimefutika na nenosiri ni lile la kibandiko. Dalili ni jina la Wi-Fi kubadilika ghafla kuwa la mwanzo. Iweke juu au ndani ya kabati lenye matundu ya hewa, na uhifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta ili uirudishe kwa dakika chache. Zima pia WPS, kitufe cha kuunganisha vifaa haraka. Kitufe hicho humwingiza mtu kwenye Wi-Fi bila nenosiri.

19. Baadhi ya tovuti huzuiwa kwenye laptop na kufunguka kwenye simu. Vifaa vyote viko kwenye Wi-Fi moja.

Ukishahakikisha swali la 17 halihusiki, angalia IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti. Ikiwa mtoa huduma hutoa IPv6, ruta inaweza kuwa inagawa DNS ya IPv6 ya kampuni pembeni mwa ile ya familia uliyoiandika, na simu ikachagua hiyo. Andika DNS za familia za IPv6 pia, au uzime IPv6 kwenye LAN.

## Faragha na watu wengine wa nyumbani

20. Wageni na dada wa kazi nao watafungiwa?

Wakitumia Wi-Fi ileile, ndiyo, na kumbukumbu za tovuti zao utaziona. Dada wa kazi ni mtu mzima. Kupekua anachofungua akiwa chumbani kwake hakukuhusu. Washa Wi-Fi ya wageni yenye nenosiri tofauti, uwape hiyo. Nenosiri hilo ndilo watoto watalisaka, na hotspoti ya simu ya dada pia, basi zungumza naye wazi badala ya kumfanya mlinzi bila kumwambia.

21. Kampuni iliyotengeneza kifaa inaona tunachofanya?

Kama ripoti unaisoma kwenye programu ya simu ukiwa mbali na nyumbani, imepitia seva za kampuni. Maana yake orodha ya tovuti za familia yako iko kwa mtu mwingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kampuni iliyo ng'ambo isiyo na ofisi huku ni ngumu kuifikia kwa sheria yoyote.

Usalama wa kifaa chenyewe nao si wa kudhaniwa. Mwaka 2017 watafiti wa Talos, kitengo cha Cisco, walitangaza udhaifu zaidi ya 20 kwenye Circle with Disney, na masasisho yakatolewa. Kifaa kilichokaa katikati ya mtandao na hakijasasishwa miaka mitatu ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Anayetaka kumbukumbu zibaki nyumbani, Pi-hole huziweka kwenye Raspberry Pi yake.

22. Usajili wa mwaka ukiisha, kifaa kinabaki na kazi gani?

Soma kabla ya kununua. Vingi hubaki na kazi chache sana, vingine hugeuka pambo. Ratiba ya ruta na DNS ya bure havina usajili.

23. Nimwambie mtoto kwamba nimeweka?

Mwambie. Atagundua tu, na akigundua mwenyewe ataanza kutafuta njia za maswali ya 15 hadi 18 kwa hasira. Mtoto wa miaka saba inamtosha kujua TV inalala saa mbili. Wa miaka 14 mwonyeshe menyu yenyewe, mkubaliane saa, na umwachie njia ya kuomba tovuti ifunguliwe, kwa sababu orodha hukosea na mara nyingine atakuwa na haki. Ripoti ya kila tovuti kwa kijana wa umri huo tungeizima.

24. Kwenye ripoti nimeona jina linalonitia hofu. Nifanye nini kwanza?

Usikimbilie kupiga wala kufoka. Jina kwenye ripoti halimaanishi mtoto alilifungua. Matangazo na programu za bure huita majina mengi bila mtumiaji kujua. Tazama muda na marudio: mara moja kwa sekunde mbili ni tofauti na kila usiku saa tano.

Ikiwa kuna mtu mzima anayemtafuta mtoto, anayemwomba picha au anayemtishia, usifute chochote. Hifadhi simu, piga picha za skrini za mazungumzo zenye jina la akaunti na tarehe, na usimjibu mtu huyo. Picha za utupu za mtoto usizitume kwa yeyote, hata kama ushahidi. Acha polisi wazione kwenye simu yenyewe. Namba ya msaada kwa watoto ni 116, Kenya na Tanzania, na kupiga ni bure. Mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.